Kompyuta ya Marehemu Alphonce

Benchi lenyewe ni ubao wa mninga uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya mashine ya kukamua alizeti ambayo haijanguruma tangu mkanda wake ukatike. Hapo ndipo kijiji cha Mtinko kinapojadiliwa, na muda ukibaki, dunia nayo. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unatia vumbi kwenye vikombe na watu wanakunywa hivyo hivyo. Mudi Birika, muuza kahawa, alikuwa ameshamimina mzunguko wa kwanza. Karibu naye alikaa Spea, fundi pikipiki, ambaye hajawahi kuona kitu kisichofanana na injini. Kisha Dokta Josho, aliyesimamia josho la ng'ombe mpaka akastaafu, na sasa anatibu kila kitu, hata wasiomwomba. Mwisho kabisa alikaa mzee Mughwai, hasemi, macho yake ng'ambo ya barabara. Kule kulikuwa na fremu ya biashara ya mwanawe Alphonce, imefunguliwa mchana kweupe kwa mara ya kwanza tangu wamzike. Ndani yake fundi kutoka mjini alikuwa ameinamia kompyuta ya marehemu. Anaondoa mfumo wa zamani, anaweka mwingine.

Mudi: Kwa hiyo umeridhia, Baba Alphonce?

Mughwai: Mkwe anataka kuendeleza kazi ya kuchapa. Ana watoto. Ningemkatalia kwa lipi?

Spea: Sasa si avunje tu paswedi aingie? Mambo ya kubadilisha mfumo ya nini?

Mughwai: Fundi anasema ile Windows ya zamani haihudumiwi tena na wenyewe. Imejaa virusi, na printa mpya inaikataa. Ile Windows ya sasa nayo ni nzito, mashine kuukuu kama hii haiibebi. Kwa hiyo anaweka nyepesi. Inaitwa Linux.

Spea: Ahaa! Hapo sasa umeongea. Hiyo ni kushusha injini. Bodi ile ile, injini nyingine. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga injini ya pampu ya maji kwenye pikipiki.

Mudi: Ikaenda?

Spea: Kwenda ilienda. Kusimama ndiyo ikawa kesi.

Josho: Nyie mnaongea chuma, mimi naongea damu. Ng'ombe akishazoea jina lake, mwite jingine uone kama atageuka. Ndiyo maana wahenga wakasema, ng'ombe wa maskini hazai.

Mudi: Inahusiana nini hiyo?

Josho: Inahusiana. Kafikirie nyumbani. Enhe, huo mfumo unauzwaje?

Mughwai: Hauuzwi. Ni wa bure.

Dokta Josho akaweka kikombe chini kama mtu aliyekuta inzi ndani.

Josho: Wa bure? Mzee, cha bure kina mwenyewe! Alama yake ni ipi?

Mughwai: Kuna ndege. Mgongo mweusi, tumbo jeupe. Fundi anasema wa hivyo huwa haruki.

Josho: Ndege haruki, kasimama tu, tumbo limejaa? Hicho ni kideri! Hicho hicho kilichonifagilia kuku banda zima!

Spea: Duh! Kwa hiyo anatoa virusi, anaingiza kideri?

Mudi: Si ndiyo mgeni njoo mwenyeji apone?

Josho: Kwa kideri haponi mtu.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Mzee Mughwai akatabasamu kidogo, kwa adabu tu, maana kutocheka na wenzako nako ni kuwasusia.

Mudi: Lakini jamani, mimi nilisikia mashine moja inaweza kukaa na mifumo miwili. Ukiwasha inakuuliza, leo unalala kwa nani?

Spea: Uke wenza huo!

Mudi: Kabisa. Bi mkubwa na bi mdogo. Baba Alphonce, si ungeomba hivyo, ule wa marehemu ubaki?

Mughwai: Niliomba. Amesema nyumba ni ndogo, hawaenei wote wawili.

Wenzake hawakujua, na angewaambiaje? Tangu msiba, kila jioni mzee alikuwa akifungua ile fremu, mtu akimuuliza anasema naangalia mchwa. Anaiwasha mashine. Inakoroma, inakawia, kisha kwenye kioo linatokea jina la mwanawe, na juu ya jina picha ndogo: Alphonce na shati la bluu, anacheka. Chini yake kijisanduku cha paswedi. Mzee anajua herufi. Siku ya kwanza aliandika jina lake mwenyewe, Mughwai. Ikakataa. Ilimuuma, kwa nini aseme haikumuuma? Akaandika la mama yake Alphonce, la mkewe Yasinta, ya wajukuu, hata la yule dume la kulimia ambalo Alphonce alililia utotoni lilipouzwa. Yote ikakataa. Basi akawa anakaa tu, anamtazama. Kioo kikizima anagusa kitufe, mwanawe anarudi. Mtu mzima na mvi zake, ingesemwa anaabudu kompyuta.

Spea: Kwani mle ndani kulikuwa na nini cha maana?

Mughwai: Fundi ametoa vyote kaweka kwenye flashi. Nikamwambia nisomee. Ratiba za mazishi, kadi za harusi, barua za watu za kuomba kazi.

Mudi: Na vya kwake?

Mughwai: Vya kwake hakuna.

Kadi ya harusi ya binti yake Mudi, Catherine, aliichapa Alphonce. Ratiba ya mazishi ya mke wa Dokta Josho, Alphonce. Ya Alphonce mwenyewe ilibidi ikachapwe Singida mjini, kwa sababu mashine yake haikumruhusu mtu kuingia. Spea hawezi kimya, kimya kinamwasha.

Spea: Basi huyo fundi afanye chapchap. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Neno lilishatoka ndipo akajisikia. Mudi akamkanyaga mguu. Mzee Mughwai akatazama ndani ya kikombe chake.

Spea: Nisamehe, baba. Mdomo wangu hauna breki.

Mughwai: Haya. Yamepita.

Hayakupita. Dokta Josho akajaribu kuokoa jahazi.

Josho: Kama ni ile picha ya mlangoni mwa kompyuta, si ungeipiga na simu?

Mughwai: Umejuaje kuna picha?

Josho: Mimi jioni hupita pale, ndugu yangu. Sikutaka kukuuliza.

Mzee akatoa simu. Picha aliyoipiga ilijaa michirizi, na katikati ya kioo kilikaa kivuli cha kichwa chake mwenyewe na kofia. Cha Alphonce kilichoonekana ni sikio na bega. Simu ikapita mkono kwa mkono.

Josho: Sikio ni lake.

Ndipo Yasinta, mjane wa Alphonce, akavuka barabara kashikilia khanga isipeperuke. Akasimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, akapiga goti nusu.

Yasinta: Shikamooni.

Wote: Marahaba.

Yasinta: Baba, fundi kanituma. Mfumo umeshaingia. Sasa mashine inataka jina.

Mughwai: Jina gani tena?

Yasinta: La mwenye mashine. Ndilo litakalotokea ukiwasha. Anasema haiendelei mpaka ipewe jina. Aandike nani?

Spea akamtazama Josho, Josho akamtazama Mudi, Mudi akatikisa birika. Jina la mwanawe lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa mzee. Akilisema, binti huyu kila asubuhi atamkuta mumewe kwenye kioo, ndipo achape misiba ya watu. Akisema la binti, basi atakuwa amemfuta mwanawe kwa kinywa chake, na hakuna fundi wa kumsingizia.

Mughwai: Wewe unataka aandike nani?

Yasinta: Nimekuuliza wewe, baba.

Mudi akamimina machicha chini, kahawa imekwisha. Ng'ambo, fundi alisimama mlangoni mikono kiunoni, akingoja jina. Yasinta akaja akakaa kwenye ncha ya ubao ule ule, pembeni ya baba mkwe wake, jambo ambalo mkwe hafanyi, akaanza kulia taratibu. Hakuna aliyemwambia ainuke.