Gari Linalovuja na Papa Hubert Asiyeachiliwa

Tunawaomba radhi wasomaji wa jarida hili la shule kwa kunyamaza tangu Pasaka. Wasifu huu ulipaswa kutoka mwezi Juni. Tuliuzuia kwa sababu anayeagwa hakuwa ameondoka: kila asubuhi alionekana uani, amelala chini ya gari.

Papa Hubert Bolamba aliajiriwa kuwa dereva wa shule yetu mwaka 1970, akastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2001, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Amebeba wanafunzi, magunia ya mihogo, askofu na jeneza, wakati mwingine katika safari moja. Mwaka jana, mabomu yalipoanguka mtaa wa Tshopo, aliwatoa wasichana wote wa bweni kwa zamu, kioo cha mbele kikiwa kimevunjika. Habari hiyo hapendi kuisimulia. Hupendelea ile ya mbuzi wa padre aliyekula kiti cha abiria.

Sasa gari linavuja oili. Sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili, imechoka, na ili kuibadilisha ni lazima giaboksi ishushwe. Kwa desturi yetu, anayeondoka hukabidhi kifaa kikiwa kizima, na anayekipokea hutia sahihi, ndiyo remise-reprise. Dereva mpya, Mama Sandrine, amekataa.

"Tonton, minakuheshimia," alimwambia mbele ya kamati ya shule, "lakini ile mutuka sitaitilia signature. Kesho watasema ni mimi niliiharibisha."

"Iko inalia tu," alijibu Papa Hubert. "Haiyakufa."

Kamati imekutana mara tano. Bwana Néhémie Kataliko, mfanyabiashara na mwakilishi wa wazazi, alijitolea kuleta sili kwa ndege pamoja na sabuni zake, kwa kuwa vita vimeufunga mto kwa meli, na kuuachia mitumbwi tu. Ikashuka uwanja wa ndege wa Simi-Simi sili ya lori. Mkuu wa shule, Mama Micheline, anataka tuendelee kuongeza oili, ambayo siku hizi mjini ni adimu kuliko chumvi. Mjumbe mwingine alipendekeza mawese. Tulimwomba aketi. Kikao kikaahirishwa, kama vilivyotangulia.

Wakati sisi tunaahirisha, Mama Gertrude, mke wa Papa Hubert, anamngoja kwao Isangi. Magoti yake hayamruhusu tena kuvuta nyavu peke yake, na mwaka huu hana mwingine wa kumsaidia. Wiki iliyopita alitutumia ujumbe kupitia wapiga makasia: "Kama mutuka inakatala kumuacha, muwatie wote mbili mu pirogue."

Mama huyo ametushinda kwa hoja. Gari ni la shule, na oili inayovuja ni ya shule. Papa Hubert si mali ya shule. Kwa hiyo leo asubuhi ufunguo umepokewa na sahihi imetiwa na katibu wa kamati, ambaye ndiye anayeandika maneno haya na ambaye hajui kuendesha. Kamati ikiona vibaya, imlaumu yeye.

Papa Hubert, tunakushukuru kwa barabara zote ulizotupitisha, hasa zile ambazo hazikuwa barabara. Pirogue inaondoka kesho, panda. Nyavu zako zijae, magoti ya Mama Gertrude yapone, na mzeeke pamoja kwa amani. Kuhusu uvujaji, uamuzi ukipatikana tutakuandikia Isangi. Usirudi kuuliza.