Nilimwambia Mtu wa Posta Hayupo

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyeingia nyumbani kwangu Husby, hapa Stockholm, wakati hakuna mwingine aliyekuwa anagonga.

Naitwa Yudita, mzaliwa wa Kasulu, Kigoma. Nina miaka hamsini na mbili. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda, yanyoosheni wenyewe. Mama Mchungaji ndiye aliyesema niandike, maana nikishika kipaza sauti maneno yananipotea. Alisema pia nisitaje majina ya watu. Hapo nimemkatalia. Nimeyabeba majina haya miaka ishirini na tatu, leo nayatua.

Zakaria, mtoto wa mama yangu mdogo, na mkewe Loveness, wa Sundbyberg. Hao ndio walionileta huku. Waliniambia nije niwalelee watoto wao wawili, na jioni watanipeleka shule nisome Kiswidi, halafu uuguzi. Mama yangu alitangaza mtaa mzima kwamba Yudita anakwenda kuwa nesi. Amekufa akiamini hivyo.

Ndugu zangu mnaoishi hapa mnajua, lakini naandika pia kwa walioko nyumbani. Huku barua inaingizwa kwenye tundu la mlango, na mtu wa posta anasoma jina lililobandikwa pale. Kama jina lako halipo, wewe hupo. Barua inarudi ilikotoka.

Jirani mmoja Mkongo alinisaidia kuomba nafasi ya shule. Nikasubiri. Wiki, mwezi. Nikamwuliza Loveness, "Wifi, barua yangu haijaja?" Alicheka mpaka akamwita mumewe aje asikie. "Yudita anauliza barua yake! Wewe nani akuandikie?" Nikaomba jina langu libandikwe mlangoni, hata kwa karatasi. Zakaria akasema, "Hapa jina letu linatosha." Baadaye jirani akaniambia barua zilikuja zikarudi mara mbili, na nafasi kapewa mtu mwingine. Nikaendelea kukunja nguo za watoto. Miaka minne.

Niliondoka kwao na mfuko mmoja. Namshukuru Mungu kwa kuondoka. Lakini moyo haukuondoka wote, kipande kilibaki kule Sundbyberg kikigombana nao kila siku.

Basi, ndugu zangu, nimefanya usafi Kista miaka yote hiyo. Naingia ofisini watu hawajafika, natoka ndio wanaingia. Kuna kiti nimekifuta miaka saba sijawahi kumwona anayekikalia. Foleni ya nyumba za kupanga iliponifikia nikapata vyumba viwili Husby, nikafurahi siku moja. Baada ya hapo nikawa naacha redio inaongea nikienda kazini, ili nikirudi nikute sauti ya mtu, hata kama anatangaza hali ya hewa tu. Sikuolewa, sikuzaa. Hapa kanisani nilikuwa natoka kabla ya kahawa ya baada ya ibada. Mlidhani nina zamu. Sikuwa na zamu. Niliogopa kukaa na kikombe changu pale mezani na asije mtu.

Mwaka juzi nilikuwa napiga deki korido ya chuo kimoja, nikasikia nyuma yangu, "Kaka, samahani." Nikageuka nimtafute huyo kaka. Hakuna mwanamume. Kuna msichana mdogo, maji ya kunde, nywele za mawimbi, ananitazama mimi. Nilikuwa nimevaa suruali ya kazi na kofia. Nikasema moyoni, haya, hata uanamke nimenyang'anywa. Nikamwuliza, "Mimi mwanamume?" Alishtuka, akaomba radhi kama mara tano, akaanza kunieleza kwa Kiswidi cha kuokoteza habari ya lugha ya kwao. Sikumsikiliza. Nilishika tu alichokuwa anataka: chumba cha bei nafuu.

Anaitwa Mersi Tefa, anatoka Kupang, mji ulio mbali sana katika visiwa vya Indonesia. Kulikuwa na wakala kule Surabaya, mji mwingine wa huko huko, Hendro jina lake, naye namtaja. Alimwambia baba yake Mersi kwamba Sweden vyuo ni bure kwa mtu yeyote, kazi ni kumlipa yeye Hendro tu ashughulikie. Ni uongo. Zamani ilikuwa bure, siku hizi ni kwa watu wa Ulaya. Hendro akapotea na simu yake. Mersi hakulia, akakaa chini akasoma kanuni za vyuo mwenyewe, akaomba tena mwaka uliofuata, na chuo chenyewe kikamsamehe ada. Kula na kulala ndivyo vilivyobaki juu yake. Kwa hiyo akawa anakula wali na yai, na analala kwenye kochi la huyu, kesho kwa yule.

Nikampa chumba. Msinisifu. Siku ya kwanza kabla hajafungua begi akauliza, "Kaka, naweza kubandika jina langu mlangoni?"

Nikamjibu, "Hapa jina langu linatosha."

Ndugu zangu, yalitoka hivyo hivyo. Na niseme ukweli mbele za Mungu, nilisikia raha. Nilijiambia, mimi nilikaa miaka minne bila jina, huyu ana nini cha zaidi? Mimi darasa la nne, yeye chuo kikuu. Na aonje.

Tukaishi hivyo, watu wawili wapweke, ukuta mmoja. Yeye akila, mimi niko chumbani. Nikila, yeye kafunga mlango wake. Nilikuwa namsikia akiongea na simu na vijana wa kwao wanaotaka kuja kusoma. Anawaelekeza bure: msimlipe mtu, ombeni wenyewe, barua ya msamaha wa ada iandikwe hivi na hivi, chumba tafuteni mapema. Hayo alinieleza baadaye, maana lugha siijui. Nilichosikia mimi ni jina langu tu. Kaka Yudita, Kaka Yudita. Nikajua ananisengenya.

Kibali chake cha kuishi nchini kikakaribia kuisha, akaomba kuongezewa. Kila akirudi darasani anainama pale mlangoni kuangalia sakafu. Vipeperushi vya maduka tu. "Hakuna, Kaka," ananiambia, kana kwamba nimeuliza.

Siku moja mchana nimekuta mtu wa posta ngazini kwetu, mama wa Kieritrea tunayefahamiana kwa sura. Ameshika bahasha. Akaniuliza, "Hapa kwako kuna Tefa?"

Nikasema, "Hayupo."

Akaandika kitu juu ya bahasha, akairudisha mfukoni kwake. Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto na watu wanamkazia macho. Mimi hakuna aliyenikazia macho. Nilikuwa na funguo mkononi.

 Nimekaa na hilo siku tano, naenda kazini, narudi, namwona anainama.

Jumamosi asubuhi akaja jikoni na simu, mama yake yuko kwenye picha. Mama mtu mzima, meno mekundu kwa tambuu, amenikazia macho. Akasema maneno mengi, akaanza kulia. Nikamwuliza Mersi, "Mama analilia nini?"

"Anasema ahsante kwa kuwa kaka yangu."

"Mimi si kaka, Mersi. Nimekwambia toka siku ile. Kaka ni mwanamume."

Ndipo nikamsikiliza kwa mara ya kwanza. "Kwetu Kupang kaka ni ndugu mkubwa," akasema. "Awe mwanamke, awe mwanamume. Ni yule aliyekutangulia. Nimemwambia mama nina kaka Stockholm, ndiyo maana analala usingizi."

Ndugu zangu, nilivuta kiti. Mama yake akaomba kwa lugha yao, neno moja tu nililitambua, amina. Sijui nililiitikia au la. Simu ilipokatwa nikamwambia. "Barua yako ilikuja Jumatatu. Mimi ndiye niliyesema hupo."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliweka simu mezani taratibu kama kikombe kilichojaa, akaenda chumbani kwake, akafunga.

Jumatatu sikwenda kazini. Nikamwambia twende wote, ofisi ya uhamiaji iko Sundbyberg. Mimi niliapa sitakanyaga tena Sundbyberg. Tukapanda treni, tukabadilisha kituo cha Västra skogen. Nilipofika kwenye ngazi za kutokea nikashika ukuta, jasho linanitoka kama niko shambani. Mersi hakunishika mkono. Alisimama tu, akanisubiri mpaka nikaweza.

Pale dirishani nikamwambia yule afisa kwa Kiswidi changu cha ndoo: huyu binti anakaa kwangu, barua mliyomtumia ilirudi kwa sababu nilidanganya, kosa si lake, andika jina langu. Alinitazama. Akaandika. Akachapa barua upya. Walikuwa wanataka karatasi mbili zaidi, na siku zilizobaki zilikuwa nne. Asipojibu, kibali basi, na masomo yake yanaishia hapo. Tukarudi, akazituma siku ile ile. Nikabandika jina mlangoni. Tefa, juu ya langu. Halikuwa jambo kubwa, karatasi na gundi. Niliona aibu kwa jinsi lilivyokuwa dogo.

Lakini Mersi hakuniita kaka tena. Aliniita Yudita. Yudita, nimetoka. Yudita, nimerudi. Siku kumi na moja nilizihesabu. Nilifunga, nikaomba, sikuomba kibali chake tu. Niliomba Mungu anitoe Loveness moyoni, maana nilimwona kabisa amekaa ndani yangu na kicheko chake.

Siku ya kumi na mbili niko kwenye jiko, akaingia, akafunua sufuria, akaonja. "Kaka, chumvi iko wapi?"

 Chumvi ilikuwa mbele yake. Hapo ndipo nilipofunguliwa. Sikuanguka chini, sikunena kwa lugha. Nililia juu ya maharage, na yeye akatia chumvi nyingi kupita kiasi, tukayala hivyo hivyo, meza moja.

Kibali kilikuja baada ya wiki saba. Kilipita kwenye tundu la mlango.

Zakaria na Loveness, najua mtaonyeshwa karatasi hii. Sijawasamehe bado, naandika hivyo kwa sababu ushuhuda wa uongo ni dhambi. Naendelea kuomba. Ila niliomba nisiwe ninyi, na hilo Bwana amenijibu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Mchungaji. Na wewe unayesoma umejifungia Akalla au popote pale, umeumizwa, unasema hapa jina langu linatosha, mwamini Yesu kwa jambo dogo moja wiki hii. Usisubiri moyo upone kwanza. Wangu haukupona kwanza.

Agosti wanakuja wawili kutoka Kupang, vyuo vimewasamehe ada. Binti atalala na Mersi, wameshakubaliana. Wa pili ni mwalimu wa hesabu, mtu mzima, mpole, anaitwa Yanto. Huyo bado hana pa kulala.