Mkate wa Asror

Kaeni, wanangu. Na wewe Mastura, funga huo mlango, si kwa ajili ya baridi, maana upande wa kushoto wote mimi baridi siisikii tena, bali kwa sababu kaka yako akiuona uko wazi atakumbuka mgonjwa wa hospitalini, na leo sitaki akumbuke mgonjwa mwingine ila huyu aliyelala mbele yake. Tolib, kaa hapa chini kwenye godoro, hukuja kunipima. Sikilizeni maneno yangu yangali yakitoka yamenyooka, kwani ulimi nao umeanza uvivu, na ninachokisema nataka kishikwe na watu wawili, asije mmoja kesho akadai mama alikuwa anaweweseka.

Nyumba hii ni ya Tolib, hilo halina mjadala. Cherahani ni yako, Mastura, pamoja na magodoro yote ya pamba, hata yale ambayo wifi yako tayari ameyaweka chumbani kwake akidhani sikumwona. Miforsadi iliyo kando ya mfereji isikatwe, hata Hoshim jirani apige kelele vipi kwamba mizizi inampasulia ukuta. Ule ukuta umepasuka kwa sababu aliujenga kivivu, nilimwambia tangu siku ile, na tukanuniana mpaka nikaugua. Msalimieni. Ile samovari kubwa ya kuchemshia chai ni mali ya mtaa, tuliiazima kwenye harusi ya Mastura na haijarudi mpaka leo. Irudisheni kabla hawajaihitaji kwa matanga yangu. Hivyo ndivyo vitu, na vitu vimekwisha. Sasa nitasema habari ya mtu.

Tazameni ukuta ulio mbele yangu. Tangu kiharusi kinilaze, shingo yangu inageukia upande mmoja tu, na upande huo umetundikwa mkate wa mjukuu wangu Asror. Asubuhi nikifumbua macho, ni huo. Jioni nikiyafumba, ni huo, na lile pengo la meno yake pembeni. Kila aliyetoka nyumba hii kwenda mbali aling'ata mkate mlangoni, baba yenu alipokwenda jeshini, wewe Tolib ulipokwenda mji mkuu kusomea udaktari, nasi tukautundika ukamngoja mwenyewe arudi aumalizie. Kazi ya mkate ule ni kumwita mtu nyumbani. Wewe ukaugeuza ukawa askari wa kumzuia langoni. Ulimwambia mwanao, nami nimesimama pale unga ungali mikononi, "Utaumalizia siku utakayoingia humu na kitambulisho cha chuo cha udaktari. Bila hicho usivuke kizingiti." Na kwa kuwa hayo hayakukutosha, uliyarudia mbele ya wazee wa mtaa, kwenye pilau uliyopika kusherehekea mtihani ambao mtoto alikuwa hajaufanya.

Asror amefeli mtihani huo wa kuingia chuo mara tatu sasa. Yuko kule mjini kwa mwalimu wa kukaririsha, wamerundikwa chumba kimoja, wanasoma kabla ya jua na wanalala juu ya vitabu, na kila kiangazi akisha kufeli anabaki hukohuko, kwa sababu kwao hakuingiliki. Usiniambie "mwaka huu mmoja tu, mama". Mwaka huu mmoja tu umeshausema ukazeeka.

Shida yako, mwanangu, ni kwamba mambo yalikujia kirahisi. Ulikuwa unausoma ukurasa mara moja na kuufunga, ukatoka kucheza, na mimi nilifurahi kama mama yeyote. Lakini ile ilikuwa zawadi, hukuichimba wala hukuinunua, nawe ukakua ukidhani kila asiye mwepesi kama wewe basi ni mvivu. Mimi nimefundisha darasa la kwanza mpaka mvi zikanijaa. Nilikuwa na mtoto ambaye ukimsimamia kichwani anasahau hata jina lake, ukimpa kisogo anamaliza hesabu zote. Mwingine hakushika herufi mpaka alipoziimba. Mwingine alinyamaza kipupwe kizima, mwalimu mkuu Ergash akaniambia nimhamishe kwenye benchi la nyuma dirishani, maana yeye alitaka watoto wapangwe kwa alama, werevu karibu na jiko, wengine kwenye upepo. Nikakataa, na masika ilipofika yule mtoto akasimama akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Ergash aliniondoa darasani mwaka ule kwa ukaidi wangu, akanipeleka kutunza vitabu. Sikumsamehe. Leo namsamehe, lakini si sana.

Nanyi mmesahau haraka hivyo tulivyokuwa tukifuga viwavi wa hariri? Kila masika tuliwaachia vyumba, sisi tukalala uani, na nyumba nzima ikasikika wanavyotafuna majani ya mforsadi. Wanalala, wanajivua ngozi, wanaamka, wala hawaamki pamoja. Waliochelewa ukiwamwagia majani sawa na walioamka, wanafukiwa, wanakufa chini ya chakula. Baba yenu alikuwa akiwatoa mmoja mmoja na kuwaweka kwenye chanja yao, akawangoja, akawapa majani laini, nao wakasuka hariri ileile. Mnunuzi hakuuliza hata siku moja ni kiwavi gani aliyechelewa kuamka. Wewe Tolib ulimsaidia kazi hiyo tangu ukiwa mdogo, ukaifanya vizuri kwa wadudu, na kwa mwanao ukamwaga tu majani juu yake.

Nani alimfundisha mwanao Lola hesabu za kutoa, Mastura? Sema, kaka yako asikie. Walimu walikuwa wameshachoka naye, akiona alama ile ya kutoa analia. Asror akamkalisha hapo uani na bakuli la aprikoti, akamwambia, "Kula tatu, halafu niambie umenibakishia ngapi." Walikula mpaka mtoto akaumwa tumbo, lakini kutoa alikujua. Nilimuuliza alifikiriaje jambo lile, akaniambia, "Bibi, mimi najua pale anapokwama, na mimi nilikwama hapohapo." Nilifanya kazi ya ualimu miaka mingi, na sikuwahi kumsikia mkaguzi akisema neno la maana kama hilo. Akataka kwenda chuo cha ualimu. Nawe ukacheka mbele ya wageni, ukasema, "Mwalimu? Atakula chaki?" Wewe ulikula chaki yangu, Tolib, na ulinenepa.

Elimu haikuletwa ili watu waulizane mtaani mwanao amefika wapi. Ni ya kumwezesha mtu akae na akili yake mwenyewe bila kuionea haya, ajue inaendaje, inapochoka na inapoamka, kisha amshike mkono mwingine. Daktari ni heshima, sikatai. Hata hizi dawa ninazomeza umenipa wewe. Lakini mwana wako si mlango wa pili wa kuingilia wewe tena.

Mimi kufungiwa nakujua. Nikitaka maji nangoja mtu apite. Inzi akitua kwenye jicho hili la kushoto, namwangalia tu. Hata hivyo mimi nimefungwa na ugonjwa, sina wa kumlaumu. Asror amefungwa na baba yake. Na wewe umefungwa na mdomo wako: kila Ijumaa wazee wanakuuliza, kila Ijumaa unawajibu bado kidogo, unarudi nyumbani unapita mbele ya mkate huu ukiinamisha kichwa. Nakuona. Kitu gani kingine nina cha kuangalia?

Mastura, mwambie uliyomficha. Basi nitamwambia mimi. Dada yako alikwenda kule juma lililopita, wewe ukidhani yuko kwa wakweze. Alimkuta Asror amekonda, ameacha kuzungumza na wenzake, na akishika kalamu mkono unatetemeka hata herufi hazisomeki. Alimpelekea nguo, hakuzifungua. Alipokuwa anaondoka, mtoto akamfuata mpaka kituoni na kumuuliza neno moja: "Shangazi, bibi akifa, nitaruhusiwa kuingia?"

Usiangalie mkekani, Tolib. Niangalie mimi. Mjukuu wangu, niliyembeba mgongoni, anasubiri kifo changu kiwe ruhusa yake, wala simlaumu, maana hujamwachia njia nyingine. Lakini mimi sikubali kufa kwa kazi hiyo. Sitaki aje kunibeba. Nataka aje kunilisha mchuzi, anikasirishe kwa kijiko kinachotetemeka, nami nimlalamikie kuwa chumvi haitoshi. Tena, mkate huo ushushwe sasa hivi. Uchukue, Mastura, kwa mikono miwili, uweke juu ya kitambaa, usiupindue. Haya. Ukuta umekuwa ukuta tena.

Nipe maji. Basi, yametosha.

Sasa niinulie mikono, Mastura. Huu wa kushoto ushike wewe, hauna mwenyewe. Nimewafungulia viganja kuwaombea, na dua yetu mnajua haimaliziki mpaka viganja vipite usoni; mimi sitavipitisha mpaka nimsikie Tolib akizungumza na mwanawe. Nikifa vikiwa hivihivi, mtanizika na dua iliyokatika katikati, na hao wazee wako utawaeleza mwenyewe. Ndiyo, nakubana. Umembana mtoto wako miaka, nawe hutaki kubanwa na mama yako kitambo kidogo?

Usitoke nje. Piga hapahapa, na uiweke simu karibu, sikio langu hili ndilo zima.

Inaita. Shika vizuri, isogeze hapa sikioni.

Amepokea. Hiyo ni pumzi yake, ndivyo anavyovuta kabla ya kujibu, tangu utotoni. Usimkimbize. Mngoje. Mwache aanze yeye.

Amesema "baba". Haya, jibu. Si habari ya mtihani, mwache na mtihani. Wala usimwambie kwamba bibi yake ni mahututi, usinifanye mimi kuwa sababu. Sababu ni yeye.

Sikusikia. Tena, mwanangu, umesema kwa tumbo. Sema kwa mdomo.

"Njoo nyumbani. Njoo hivyohivyo." Hayo. Hayakukuvunja jino hata moja. Anauliza nini? Anauliza kama wazee wa mtaa wanajua? Mwambie nitawajibu mimi, kama nitawahi, na nisipowahi atawajibu baba yake. Mwambie hivyo. Lia tu, daktari, lakini umwambie.

Mungu awape umri, awape subira, awape watoto wasioogopa lango la kwao. Amekata simu? Anakuja? Basi amin. Nipitishie mikono usoni, Mastura... polepole, hii ni nzito... na huo mwingine... hapo. Hapo panatosha.