Goti Lililochapwa Wima

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mimi.

FUNDI: Mimi nani? Namba siijui hii, na mashine zinapiga kelele huku—

DADA: Dada yako, ni nani mwingine. Simu yangu imepasuka. Hii ni ya mpishi wa shule, yuko nami hapa, na chaji imebaki kidogo. Nisikilize. Goti limevunjika.

FUNDI: Goti lipi?

DADA: Sasa nina magoti mangapi ya plastiki? Hili ulilonichapia kwa mashine yako.

FUNDI: Umeumia?

DADA: Nimekaa kwenye ngazi, katikati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.

FUNDI: Sikuuliza umekaa wapi. Umeumia?

DADA: Kiwiko kidogo. Na aibu. Darasa la nne zima lilikuwa linashuka, wamenipita kimya kama wako msibani. Afadhali wangecheka.

FUNDI: Lina siku nne tu hilo goti. Nilikuomba ulizoee nyumbani kwanza—

DADA: Na wakaguzi nao wangesubiri nizoee? Wanafika darasani kwangu, ghorofa ya tatu, saa tano kamili. Mwalimu mkuu kaniambia usoni: wakikukuta umepanda mwenyewe, darasa ni lako. Wasipokukuta, anapewa yule aliyekuwa ananishikia nafasi. Sasa ni saa nne na nusu. Niambie la kufanya.

FUNDI: Nakuja. Nitakubeba mpaka—

DADA: Kutoka huko ni saa nzima. Halafu sibebwi. Tangu nikatwe mguu nimebebwa mwaka mzima, mdogo wangu, hadi chooni. Sibebwi tena.

FUNDI: [anashusha pumzi] Haya. Limevunjikia wapi?

DADA: Kwenye bawaba. Yale masikio mawili yanayoshika pini, moja limetoka lote.

FUNDI: Limechanikachanika, au limekatika moja kwa moja?

DADA: Moja kwa moja. Laini, kama slesi ya mkate.

FUNDI: [anazima mashine]

DADA: Haloo? Upo?

FUNDI: Nipo. Ni kosa langu, dada. Mashine inapanga plastiki tabaka juu ya tabaka. Kiungo cha kubeba mtu kinachapwa kikiwa kimelala, ili tabaka zifuate urefu wa mguu. Mimi nililisimamisha wima. Uzito wako ukazibandua.

DADA: Ulikuwa hujui?

FUNDI: Ndilo somo la kwanza la kazi hii.

DADA: Sasa kwa nini?

FUNDI: Likilala, mashine inaliwekea vinguzo vya kulishikilia kwa chini. Ukivitoa vinaacha makovu. Nilitaka liwe laini. Ulisema unataka kuvaa sketi tena.

DADA: Wewe.

FUNDI: Nikajidanganya kwamba nikiongeza unene litashika. Mimi kila ninachokufanyia—

DADA: Utalia baadaye. Chaji inaisha.

FUNDI: Sikio la pili lina ufa?

DADA: Ngoja. [mikwaruzo] Halina.

FUNDI: Basi tulifunge goti lisikunje kabisa. Una kitu kirefu, kigumu?

DADA: Rula ya ubao. Ya mbao.

FUNDI: Mikanda?

DADA: Wangu upo. Mpishi, nivulie na wako. Usiniangalie hivyo, suruali itashikwa na aproni.

FUNDI: Rula ikae nyuma ya goti. Usiilaze bapa, itapinda. Iweke kwa ubavu. Mkanda mmoja juu kwenye—

DADA: Unakatika. Juu wapi?

FUNDI: Paja. Wa pili chini ya goti. Kaza mpaka usiweze kukaza tena. Ukipanda, mguu mzima utangulie, huu uuvute. Shika reli. Na usiukanyagie kwa ghafla, maana lile sikio lililobaki nalo nililichapa wima.

DADA: Kwa hiyo nalo laweza kutoka.

FUNDI: Laweza.

DADA: Vidaraja vilivyobaki ni thelathini na moja. [vishindo] Nimeshafunga. Mpishi, shika simu, niwekee sikioni.

FUNDI: Dada, acha. Ukianguka huko juu je? Waambie wakaguzi fundi kaharibu. Nitakuja nijieleze mwenyewe.

DADA: Hata hospitali ulikuja kujieleza. Ukasimama mlangoni na mfuko wa machungwa, hukumaliza hata sentensi moja. Nasimama sasa. Moja.

FUNDI: Nisamehe.

DADA: La leo?

FUNDI: La leo. Na la pikipiki. Ulinipiga mgongoni mara mbili nipunguze mwendo, nikacheka.

DADA: Mara tatu. [anahema] La leo nimekusamehe kabla hujaomba. Hilo la pikipiki—

FUNDI: Ndiyo?

DADA: Hilo, mdogo wangu, mimi—

FUNDI: Dada? Hilo la pikipiki vipi? [mlio wa simu iliyokatika] Haloo?