Yokana Ikapel, Mtunza Panya wa Malaba

Wazee wetu, wakwe zetu wa Bukhayo, akina mama, na nyote mliofika, sikilizeni safari ya marehemu Yokana Ikapel, nayo haikupambwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 karibu na Malaba, akimfuata kaka yake Ochom, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akafanya vibarua vya reli, na tarehe 2 Juni 1958 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa malale, kutunza panya weupe wanaodungwa damu ya wagonjwa ili ugonjwa ujulikane. Jioni, kwenye chungu cha pombe, alituchosha kwa habari zao, kwamba panya mwenye vidudu vya malale husinzia mchana, hugombana bure, tena humnusa ndugu yake wa kizimba kimoja kana kwamba ni mgeni. "Ukiona amewasahau wenzake," alisema, "usimpige, mpime damu." Tulicheka sana, Ochom akamwita Baba Panya, na jina likamganda.

Tarehe 9 Desemba 1961 alimwoa Rosebella Nerima wa Bukhayo, wakajaliwa watoto watano, na katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kuinuliwa mkono.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1977 alianza kusinzia mchana na kufoka ovyo, kazini wakamwachisha wakidhani ni ulevi wa chang'aa, na Jumamosi tarehe 23 Aprili, katika soko la samaki la Busia, alimshika bega mama mkwe wake, ambaye kwa desturi hakupaswa hata kumkaribia, akamwuliza, "Dada, hii omena ni pesa ngapi?" Kesho yake wakwe walimchukua Rosebella na watoto. Ochom naye alimfunga mdogo wake kamba kwenye nguzo ya ghala, akamchapa ili atubu, akamwacha hapo wiki kumi na tatu, akisema mtu hamsahau mkwe wake ila kwa kiburi.

Tarehe 25 Julai Rosebella alirudi kuchukua nguo za watoto, mume wake akamtazama na kumwuliza, "Mama, wewe ni nani?" Rosebella ndiye aliyewakumbuka panya, akamfungua, akamsukuma kwa mkokoteni hadi hospitali, ambako daktari alisema vidudu vimekwisha kuingia kwenye ubongo. Tarehe 12 Agosti alizinduka kidogo, akamtambua kaka yake, akasema, "Ochom, kamba inabana," na mikono yake ilikuwa mitupu juu ya shuka. Alifariki Jumapili tarehe 14, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa kituoni, waliokuwa maili tatu tu kutoka kwenye lile ghala na wakampima siku aliyoletwa hospitali, majirani waliompitishia uji, na wale waliotuazima kamba bila kuuliza ni ya nini.

Ikapel, mdogo wangu, pumzika sasa kwa amani. Kamba nimeichoma.