Dada Breki, Mtafiti wa Wacheza Magemu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mtafiti wa chuo kikuu ambaye wacheza magemu walimwita Dada Breki. Kwa nini Breki? Kwa sababu kwenye gemu la mbio za magari hakuwahi kuzikumbuka! "Dada alikuwa anagonga kila ukuta," anasema mdogo wake, huku akicheka na kufuta machozi.

Mdogo wake huyo ndiye chanzo cha yote. Baada ya ajali alianza kutumia kiti cha magurudumu, akajifungia chumbani, akanyamaza. Lakini kila jioni dada mtu alisikia kicheko nyuma ya mlango. Anacheka na nani? Akaomba ruhusa, akajiunga na ukurasa wa gemu mtandaoni, akaanza kusoma wanachoandikiana wachezaji. Huo ukawa utafiti wake. Wenzake kazini wakamtania: "Mwenzetu analipwa kusoma matusi ya watoto!" Yeye akasoma tu.

Kisha kampuni yenye gemu ikatangaza kulizima. Ukurasa wetu uko kimya, ikasema, wachezaji wameondoka. Wasikilizaji, hawakuwa wameondoka! Dada Breki alikuwa amewaona wakihama. Walichoshwa na matusi yasiyofutwa, wakahamia mtandao mwingine, kundi kwa kundi. Huko walikuwa maelfu. Wanafundishana kukata kona, wanajuliana hali, mgonjwa anaulizwa kama amekula.

Akaenda kwa wakuu wa kampuni, mdogo wake kando yake. Akawasha kompyuta, akawaonyesha.

"Mnabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa," aliwaambia. "Wenyewe wako mtaa wa pili."

Mkuu mmoja akauliza, "Na wakirudi, si watatukanwa tena?"

Mdogo mtu akadakia, "Tupeni sisi huo ukurasa tuusimamie, muone!"

Wakapewa. Na gemu halikuzimwa! "Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza kuna nini," anasema mdogo mtu. Mpaka leo yeye ndiye msimamizi wa ukurasa huo, na ni kazi yake ya kuajiriwa.

Dada Breki ametutoka wiki hii, baada ya kuugua. Siku ya mazishi wachezaji walisimamisha magari yao ndani ya gemu, msururu usioonekana mwisho, wakapiga honi kwa pamoja. Mama yake akawekewa simu sikioni. Akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa na watu wote hawa!"

Mama, mdogo wetu, na ndugu wote, poleni sana. Tuko nanyi. Nawe msikilizaji, yule unayemgombeza kila siku aache simu, leo kaa naye kidogo. Muombe akutambulishe kwa marafiki zake.