Elfu Kumi na Saba

Benchi la mbele ya duka la ushirika, hapo Newala, lilikuwa na mbao mbili na watu watatu wa kudumu. Mwaka ule wa sabini na tatu, Mreno akiendelea na vita vyake ng'ambo ya Ruvuma, hapakuwa na jambo walilokubali lipite bila maelezo. Asubuhi hiyo Dunstan, aliyekuja kunywa kahawa tu, alitoa leso mfukoni, kadi ya hospitali ikadondoka. Upande wa namba ulikuwa juu. Jina, ambalo lilikuwa lake mwenyewe, lililala chini, naye akamshukuru Mungu. Jana daktari alimwambia kwamba tatizo la kukosa mtoto ni lake, si la mkewe, Agnes. Na Ijumaa wajomba wa Agnes wanakuja kuuliza kwa nini mwaka huu wa sita wa ndoa binti yao anaitwa Agnes tu, si mama fulani. Huku mume huishi kwa mkewe. Asiyezalisha hufungashiwa virago.

Kadi iliokotwa na Mwalimu Kigawo, mtu wa Bukoba aliyefundisha elimu ya watu wazima.

— Elfu kumi, na saba, alisoma, bila kuigeuza.

Akatoa chaki, akagawa juu ya benchi: kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, mpaka tisini na saba. Kahawa ikapoa.

— Haigawanyiki. Hii ni namba tasa.

— Maskini Agnes, alisema Redio, mzee asiye na redio ila alitangaza kila siku. — Wamempa namba tasa, atazaaje?

Dunstan angeweza kusema hapo. Akanywa kahawa.

— Tasa ni jina la hesabu tu, mzee. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi.

— Si ndiyo hivyo? Yupo yeye, na yupo peke yake. Mtoto hamna.

— Kubwa hamjaliona, alisema Hilary, balozi wa nyumba kumi. — Namba inayokataa kugawanywa haifai kijiji cha ujamaa. Ni ya kibepari.

— Ya Mreno hiyo, Redio akadakia. — Ndege zake zote zina namba tasa. Ndiyo maana hazizai kitu ila mabomu.

— Umezisoma? Mwalimu akauliza.

— Nimelala kifudifudi handakini, nizisomeje?

Balozi akahitimisha:

— Basi Dunstan, Ijumaa waambie wajomba kuwa binti yao ni tasa. Hesabu tunayo hapa.

Agnes akatokea, jembe begani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Pole, mwanangu, alisema Redio. — Mwalimu ameigawa kadi yako. Imekataa.

Agnes aliitazama kadi, akamtazama mumewe, asiseme kitu. Angenyamaza hivyo hivyo hata mbele ya wajomba. Dunstan alilijua hilo, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Kadi ni yangu, alisema. — Tatizo ni mimi.

Mwalimu akafuta hesabu kwa kiganja, akaanza upya.

— Ngoja kwanza. Huenda nilikosea kutoa.

— Rudia kumi na tisa, Balozi akamhimiza. — Ile uliifanya haraka.

— Au tuisome elfu, mara kumi na saba, Redio akashauri. — Hiyo inagawanyika vizuri sana.

Agnes akashusha jembe.

— Mwalimu, ilipokuwa yangu, ulirudia mara ngapi?

Mwalimu akairudisha chaki mfukoni. Dunstan akamchukulia jembe, wakaenda shamba.